Bibi, nitafutie jina la kaka yako

Sheffield, 22 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Anayekusomea barua hii asome polepole, na akifika kwenye habari za meli anyamaze kidogo kwanza, akutazame.

Mimi ni mzima, isipokuwa baridi inanikata viganja. Asubuhi nilipotoka zamu ya usiku kule ninakohudumia wazee, sikwenda kulala. Nilipitia bustani ya Endcliffe. Ina kijito na bata, na watoto hawakosekani. Kando yake kuna mteremko wenye miti, na chini ya miti hiyo kuna jiwe la kumbukumbu lenye majina ya vijana kumi wa Kimarekani.

Tarehe kama ya leo, mwaka 1944, ndege yao ya mabomu aina ya B-17 ilianguka pale. Waliiita Mi Amigo, yaani rafiki yangu, kwa Kihispania. Walikuwa wametumwa Aalborg, Denmark, kushambulia uwanja wa ndege ulioshikwa na Wajerumani. Ndege za adui ziliwaumiza vibaya, wakajikokota kuvuka bahari hadi mji huu, na jioni ndege ikawashinda. Hakupona hata mmoja. Rubani wao, John Kriegshauser wa Missouri, alikuwa na miaka 23. Huo ndio umri wa mdogo wangu, ambaye mpaka leo unamkataza kupanda mnazi.

Siku hiyo kulikuwa na watoto kwenye majani pale chini. Mmoja wao, Tony Foulds, alikuwa na miaka saba au minane. Anasimulia kwamba rubani aliwapungia mkono waondoke, nao wakadhani anawasalimu, wakampungia pia. Anaamini vijana wale walikosa pa kutua kwa sababu yeye na wenzake walisimama pale. Bibi, mtoto mdogo vile abebe mzigo huo mpaka uzeeni! Alipokua akawa anakwenda kwenye jiwe lile kufagia, kupanda maua na kuzungumza na wale vijana kama wanawe. Mwaka 2019, ilipotimia miaka 75, ndege za kivita za Uingereza na Marekani zilipita juu ya bustani kuwaenzi, na maelfu ya watu walijaa pale asubuhi na mapema. Yeye alikuwa na miaka 82, analia mbele ya watu wote.

Watu wengi wanazikumbuka zile ndege. Mimi naukumbuka ufagio.

Nadhani wewe na yeye ni rika moja. Umewahi kuniambia kwamba kaka yako alipoondoka kwenda vita vya Hitila ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuteka maji peke yako, na kwamba mama yenu aliendelea kumwekea chakula kwenye kawa miezi mingi. Zaidi ya hapo mlijua tu kwamba alikuwa mpiga mizinga, akapanda meli Kilindini, na meli ikazama.

Meli hiyo nimeisoma. Iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, imebeba askari wetu wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga. Ilizama kwa dakika chache tu, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Ilikuwa siku kumi kabla ya ndege hii kuanguka hapa. Mwezi ule ule mmoja, Bibi. Nilisimama mbele ya jiwe nikihesabu siku kwa vidole, na machozi yakanitoka.

Bahari haina pa kufagia. Lakini Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, kuna mnara ulioandikwa majina, na askari wetu wa mizinga waliozama na meli ile wanakumbukwa hapo. Kwa hiyo nakuomba kitu. Sisi sote tumezoea kumwita Kaka Mkubwa, mpaka jina lenyewe limetupotea. Nikumbushe jina alilopewa na baba yenu, na lile alilojiandikisha nalo jeshini kama lilikuwa tofauti. Makarani wa siku zile waliandika walivyosikia, kwa hiyo taja hata lile la utani, hata la ukoo. Binamu aliandike papo hapo, usingoje kesho. Nitamtumia nauli aende Nairobi alitafute herufi kwa herufi.

Na kama unakumbuka sauti yake, au wimbo aliokuwa akiimba akitoka shamba, niambie pia. Nitapiga Jumapili baada ya adhuhuri, simu iwe karibu nawe.

Hela ya dawa ya macho nimeituma jana.

Mjukuu wako