Kwako swahiba, kuhusu gitaa na kiti cha prodyuza

Swahiba wangu,

Hujambo? Natumaini nyumbani wote wazima. Sisi huku hatujambo.

Ulinieleza kuwa vijana wa ile bendi wamekuomba uwatayarishie albamu, nawe unasita, unaogopa watu watasema umelitupa gitaa. Tangu hapo namfikiria Chad Gilbert, mpiga gitaa wa bendi ya New Found Glory. Pop-panki, ile roki ya kasi yenye viitikio vitamu, si muziki wako, najua, lakini nakuomba umsikilize huyu.

Alizaliwa 1981, na jina lake lilianzia Florida, Marekani. Kabla ya kujulikana kwa gitaa alikuwa mwimbaji wa Shai Hulud, bendi ya hadikoo, ile panki nzito ya kupasua koo. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1997, yeye ana miaka 16. Mwaka huohuo New Found Glory ikaanzishwa pale Coral Springs, naye akashika gitaa katika bendi ya viitikio ambavyo ukivisikia mara moja umeshavishika. Kijana mmoja, mitindo miwili ambayo mashabiki wake hawakuwa wakipatana sana. Kwangu mimi, uprodyuza wake wote umetoka hapo.

Mwaka 2008 aliwatayarishia H2O wa New York albamu yao, nao ni kaka zake kwenye hadikoo. Kisha wakaja A Day to Remember, watu wa Ocala, Florida hiyohiyo. Hawa wananguruma, halafu ghafla wanakuwekea kiitikio kitamu. Prodyuza anayependa utamu peke yake angeufuta ule ukali. Anayependa ukali angekizika kiitikio. Gilbert aliviishi vyote viwili. Albamu yao, Homesick, ilitoka Februari 2009, na walimrudia tena kwa ile ya 2010.

Sikiliza magitaa ya muziki huu kwa makini. Kwenye beti kiganja kinalazwa juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwake, sauti inatoka fupi na kavu kama mlango unaobishwa. Kiitikio kikiingia kiganja kinaondoka, nyuzi zinaachiwa zilie. Na mara nyingi studioni mpigaji anarudia kipande kilekile mara mbili, kimoja kiende sikio la kushoto na kingine la kulia. Mikono ikipishana kidogo tu, wimbo unalegea. Aliyewahi kuumwa vidole kwa kurudiarudia hivyo ndiye anayejua lini amwambie mwenzake "piga tena", na lini amwache akanywe maji. Hapo ndipo unapowazidi wengi, swahiba.

Linalonigusa kuliko yote ni hili. Machi 2009, mwezi mmoja baada ya Homesick, New Found Glory walitoa albamu yao wenyewe, na prodyuza alikuwa Mark Hoppus, mpiga besi wa Blink-182. Yaani Gilbert, huku akiongoza wengine, kwenye bendi yake alikubali kuongozwa. Naona huo ni ukubwa.

Na gitaa hakuliacha. Steve Klein, mpiga gitaa mwenzake, alipotoka mwishoni mwa 2013, Gilbert alibaki na kazi yote ya gitaa na bendi ikaendelea. Mwishoni mwa 2021 akakutwa na saratani adimu, ile inayoanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo. Januari 2023 bendi ikatoa albamu ya magitaa yasiyo ya umeme, yenye nyimbo zilizozaliwa na maradhi hayo. Isikilize usiku, ukiwa peke yako.

Kwa hiyo wakubalie hao vijana. Waambie kwanza wakupigie nyimbo zote mbele yako, kabla hujagusa mashine hata moja, ndipo mpange siku za studio. Ila albamu ya bendi yako mpe mtu mwingine aitayarishe, nawe ukae upande wa gitaa umsikilize.

Niandikie ukishawajibu. Nisalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Swahiba wako