Barua kwa Salim kuhusu ile Leaf

Nairobi

Mpendwa Salim,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Nimezitazama picha za ile Nissan Leaf, gari la umeme, uliyoiona yadi, na nimeona nikuandikie kabla hujatoa arbuni.

Zile kilomita 228 kwa chaji moja alizokutajia muuzaji hakuzitunga. Ndizo zilizoandikwa Japani kwa Leaf ya 2013, kwa kipimo chao cha mwendo wa taratibu. Marekani gari hilohilo liliandikiwa maili 75, yaani kilomita 120 hivi. Na hizo zote ni za betri mpya. Sasa tazama dashibodi, ukingo wa kulia: kuna vijiti vidogo pembeni ya vile vya chaji. Betri nzima huwa navyo 12. Nimehesabu 9. Betri hiyo imebakiwa na kama asilimia 70 ya uwezo wake, hata ukiichaji hadi ijae.

Yangu pia ina 9, ndiyo maana roho inaniuma. Desemba tulikwenda Naivasha. Tukiteremka kuelekea Mai Mahiu, namba ya kilomita zilizobaki kwenye chaji ikawa inapanda, kwa sababu mteremkoni mota hugeuka jenereta na kuirudishia betri umeme. Nikafurahi sana. Wakati wa kurudi, mlima ukadai chake. Gari la uzito ule, na watu ndani, likipanda mita 1,000 hula karibu kilowati-saa 5 za umeme zaidi ya zile za mwendo wa kawaida, nami nilianza safari na 16 tu betrini. Kilomita 38, 29, 17, kiyoyozi nimezima, watoto kimya huko nyuma. Limuru mama mmoja mwenye duka alituachia soketi yake saa mbili nzima. Chai alitupa, pesa akakataa.

Mombasa hamna milima, lakini mna joto, na betri ya Leaf hiyo haina maji ya kuipoza. Joto huizeesha upesi. Wewe kila siku ni Nyali hadi Kilifi na kurudi, kilomita 110 hivi, tena kwa kasi. Gari hilo halitakufikisha nyumbani, Salim, ila upate pa kuchaji kulekule kazini. Bora usubiri yenye betri ya kilowati-saa 40, hata kwa bei ya juu.

Kama moyo bado uko kwa hiyo, iombe ikiwa imejaa, uende nayo Mtwapa na kurudi, kisha uniandikie imebaki asilimia ngapi.

Nduguyo,
Juma