Jumba la sanaa la Paa ya Paa halikuanzishwa na mtu mmoja

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 na sijawahi kukuandikia hata mara moja, ingawa sababu hazikukosekana. Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Paa ya Paa, jumba la sanaa lililoko Ridgeways kando ya barabara ya Kiambu, yamenishinda kumeza.

Nianze na jina, kwa kuwa mwandishi wenu naye alianza nalo. Aliwaeleza wasomaji kwamba maana yake ni paa juu ya paa, kana kwamba ni nyumba iliyoezekwa mara mbili. Paa anayetajwa hapo ni mnyama, na neno la mwisho ni kitenzi: paa anapaa. Ni mnyama yule yule anayechongwa kwa wingi na kupangwa kando ya barabara ili anunuliwe na watalii, na mimi siku zote nimelielewa jina hilo kuwa azma ya kumwinua kutoka pale alipowekwa. Gazeti linaloandikwa kwa Kiswahili halina udhuru wa kulikosea jina la Kiswahili.

Hata hivyo, si jina lililoninyima usingizi. Makala yanadai kwamba jumba hilo lilianzishwa na Elimo Njau peke yake, na kwamba mkewe humsaidia. Bwana Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere na kuchora zile picha za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a, anastahili kila sifa mliyompa. Lakini mwaka 1965, Paa ya Paa ilipoanza katikati ya jiji la Nairobi, ilianzishwa na kundi la wasanii na wasomi, wakiwamo Jonathan Kariara, Hilary Ng'weno, James Kangwana na Pheroze Nowrojee. Rebeka Njau, mwandishi wa tamthilia na riwaya ambaye wakati huo alikuwa mke wa Bwana Njau, alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo wa kazi ile, na makala yenu hayakumtaja popote. Baadaye akaja Phillda Ragland Njau kutoka Marekani, ambaye ameliongoza jumba hilo pamoja na mumewe kwa miongo kadhaa. Mtu aliyeongoza kwa muda wote huo hawezi kuitwa msaidizi.

Mkumbuke pia kilichotokea mwaka 1997. Moto uliteketeza michoro, vinyago, vitabu na nyaraka za jumba hilo, yaani ushahidi wa kazi ya zaidi ya miaka 30, na makala yenu yameupitia moto huo kwa nusu sentensi, kisha yakamsifu Bwana Njau kwa kutokata tamaa, ilhali waliobaki na majivu yale na kuendelea kuwapokea wasanii na watoto walikuwa wawili, mume na mke. Nyaraka zikishaungua, Mhariri, kinachobaki ni kumbukumbu za watu pamoja na magazeti, na watu hawakai milele. Mwanafunzi atakayetaka kuijua historia ya Paa ya Paa miaka 20 ijayo atalifungua gazeti lako, atakuta mtu mmoja na msaidizi wake, na hatakuwa na mahali pa kuhakikisha.

Naandika hivi kwa sababu yamenipata. Mimi na marehemu mume wangu tuliendesha chumba kidogo cha maonyesho kwa miaka 11, yeye akichora na mimi nikifanya mengineyo. Mengineyo ni kuwamba turubai, kupigilia misumari midogo ya fremu, kuandika daftarini nani amechukua picha gani na amebakisha deni kiasi gani, na kumweleza msanii kijana kwamba picha yake haijapata mnunuzi, bila kumvunja moyo. Siku moja akaja mwandishi wa gazeti ambalo sitalitaja, akiwa na mpiga picha. Mwandishi alizungumza na mume wangu saa nzima. Mimi niliulizwa kama chai ipo. Picha zote zilizokuwa ukutani nilikuwa nimezitundika mimi usiku wa kuamkia siku ile, nikiwa juu ya ngazi na penseli mdomoni, na mume wangu alimwambia hivyo, lakini kalamu ya mwandishi haikusogea. Kisha mpiga picha akaniambia, "Mama, sogea kidogo, unaziba mchoro." Nikasogea. Gazeti lilipotoka, mume wangu alikuwa katikati ya ukurasa, na ukingoni kabisa ulionekana mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko, umeshika sahani ya kikombe. Mume wangu aliona haya kuliko mimi. Alichukua kalamu akaandika jina langu pembeni, kando ya kile kiwiko, na ukurasa huo ninao mpaka leo.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na hili. Picha nne za michoro mlizochapisha Jumapili hazina majina ya waliozichora. Chini ya kila moja mmeandika tu kwamba ni kazi ya sanaa ya Kiafrika. Kila mchoro una mwenyewe. Vivyo hivyo, mkiandika kuhusu ile hazina kubwa ya sanaa na vitabu iliyoachwa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, jina la mkewe Sheila, aliyekuwa naye katika kuikusanya, huwa halionekani.

Naomba masahihisho yachapishwe ukurasa ule ule wa makala, kwa herufi za ukubwa ule ule, na yamtaje Phillda Njau kama mkurugenzi na Rebeka Njau kama mmoja wa watu wa mwanzo. Kuanzia sasa, chini ya kila mchoro wekeni jina la mchoraji, mwaka, rangi aliyotumia, na urefu na upana kwa sentimita. Mwandishi akienda kwenye jumba la sanaa linaloendeshwa na mume na mke, aulize nani anashika funguo, nani anaandika daftari la mauzo na nani hutundika picha, na majibu yote matatu yachapwe. Tena mrudisheni Ridgeways kwa siku mbili nzima, akiwa na kinasa sauti, amsikilize kila aliyeshiriki ambaye bado anaweza kusimulia, na nakala ya mazungumzo hayo ipelekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue.

Msomaji wenu wa miaka mingi,
Nairobi