Shangazi, ndiyo, ni mimi uliyeniona nikila pale Archives

Shangazi, shikamoo.

Habari nimezipata, na sikuzipata kwako. Mama ndiye aliyeniambia kwamba umeandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: Jumanne jioni umemwona "mtoto wa watu" kasimama katikati ya mji wa Nairobi, pale Archives, jumba la nyaraka za taifa, anatafuna mdomo wazi, kama hana kwao. Jina hukutaja. Ukataja tu mtandio wa kijani wenye shanga, ambao ulininunulia wewe mwenyewe Idi iliyopita. Kufikia saa tatu usiku binamu zangu wote walikuwa wamenitumia picha za mbuzi.

Basi ni mimi. Na mimi pia nilikuona. Ulikuwa unavuka Moi Avenue na lile begi lako la safari. Nikainua mkono nikupungie, na kwa bahati mbaya ulikuwa ule ule ulioshika chakula. Ukageuza uso, ukaanza kuvikagua viatu vya mtumba vya wanaume kwa makini ambayo sijawahi kukuona nayo. Kwa kuwa mashtaka umeyasoma hadharani, na majibu niruhusu niyatoe hadharani.

Kwanza chakula chenyewe, maana najua hapo ndipo ungeanzia. Ilikuwa smocha. Chapati, na ndani yake smoki, ile soseji ya moshi. Ni ya ng'ombe, na muhuri wa halali uko kwenye pakiti; nimeuliza, nikaonyeshwa. Kijana wa toroli huitoa kwenye trei inayopashwa na jiko la makaa, akaipasua ubavu kwa mkato mmoja, akaijaza kachumbari, akatikisa pilipili kutoka kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, kisha akaikunjia chapati na kuizungushia karatasi ya shashi. Yote hayo hayafiki dakika moja. Huliwa kwa kuinamisha kichwa mbele na kurudisha miguu nyuma, la sivyo maji ya nyanya yanakutiririkia kifuani. Wewe ulidhani nimeinama kwa aibu. Nilikuwa naokoa mtandio wako.

Sheria ya nyumbani naijua. Nyanya alitulea nayo sote, wewe kabla yangu: chakula huliwa umekaa, kwa mkono wa kulia, umesema bismillahi, na anayekula akitembea ni mbuzi. Lakini Shangazi, Nyanya huyo huyo alikuwa akiuza nini? Miaka yote pale mtaani Pumwani, karai mlangoni, alfajiri mahamri, jioni viazi karai na bajia. Wateja wake walikuwa akina nani? Makuli na mafundi wakielekea soko la Gikomba, waliokula wima, wengine miguu tayari imeshaanza safari, mahamri yamefungwa kwenye gazeti. Na aliyekuwa akiyakata hayo magazeti kila jioni ni wewe. Karo yako ya shule imetoka kwenye vinywa vya watu waliokula wamesimama. Sijawahi kumsikia Nyanya akiwaita mbuzi.

Wala si kwake tu. Mwaka 1899 hapa palikuwa kambi ya reli kandokando ya kinamasi, na waliokuja kuifanyia kazi wengi wao walikuja bila wake na bila jikoni. Lazima mtu awauzie cha kula, na ilipofika miaka ya 1920, Pumwani ilipopimwa na kujengwa, wanawake wengi wa huko walikuwa na karai mlangoni kama Nyanya. Mji huu umelishwa njiani tangu utotoni mwake.

Umetaja na dini pia, kwamba ustadhi wenu huko Mombasa husema anayekula sokoni ushahidi wake haukubaliwi. Hilo lipo, sikatai. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi waliweka kula sokoni miongoni mwa mambo yanayomwondolea mtu muruwa, yaani utu na heshima yake, na asiye na muruwa kadhi hamsikilizi. Neno hilo hilo ndilo lililotuzalia hii "murua" yetu ya kusifia kanzu na tabia. Ila ustadhi amekupa nusu, nusu kaiacha msikitini. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipokwisha kuyataja mambo hayo alisema kwamba hutofautiana kwa watu, kwa hali na kwa mahali. Na waliokuja kumfafanulia wakamtoa kwenye lawama mtu wa sokoni mwenyewe, na aliyezidiwa na njaa.

Sasa niambie: kati ya barabara za Tom Mboya na River Road, saa kumi na moja jioni, nani si mtu wa sokoni? Mimi huamka saa kumi na nusu alfajiri ili niwahi gari la kwanza Kayole. Chakula cha mchana nakila saa saba. Jioni, mvua isiponyesha, nafika nyumbani saa mbili unusu, na ikinyesha afadhali nisiseme. Kama hali na mahali vina maana yoyote, basi na toroli la smoki lina fatwa yake.

Ila usije ukadhani waliosimama hawana adabu. Wanayo, na ni kali, sema haijaandikwa popote.

Kijiko cha kachumbari, kwa mfano, ni cha muuzaji. Ukitaka kuongezewa unasogeza smoki yako, unasema "ongeza hapo", naye anaidondosha kutoka juu, kijiko kisiguse ulipouma. Siku moja alikuja bwana mmoja, suti na tai, simu sikioni. Akauma, akaona kachumbari imepungua, akakichukua kijiko mwenyewe, akakigandamiza pale pale alipotoa meno, akakirudisha bakulini. Tulikuwa watu sita. Sote tulinyamaza. Muuzaji hakusema neno. Alilichukua bakuli zima, lilikuwa limejaa, akalimwaga kwenye ndoo ya takataka, akavuta nyanya na kisu, akaanza kukata upya. Yule bwana aliweka noti ya shilingi 200 juu ya toroli, akaondoka bila kungoja chenji.

Jingine: ukishapewa chako unasogea ukutani, uwaachie wengine njia. Na kwenye mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ambayo mimi siili kwa ajili ya damu lakini huwasindikiza wenzangu wa kazini, kuna ubao mmoja tu. Muuzaji anakata ya hamsini yako, anaisukuma upande wako, ya mwenzako upande wake, chumvi katikati. Mnapanga mabega kuuzunguka ubao huo gizani, watu wasiojuana, na hakuna kidole kinachovuka mpaka. Nimehudhuria harusi zetu nyingi, Shangazi, wewe ukiwepo, na sinia ya pilau sijaiona ikiheshimiwa hivyo.

Kibandani nako, saa saba mchana, ukimaliza chapo na madondo yako, yaani chapati na maharagwe, unainuka. Nyuma yako kuna mtu kashika sahani inamuunguza vidole. Kubaki pale ukichokonoa meno ni tusi, na utaambiwa.

Ninapokuunga mkono mia kwa mia ni ndani ya matatu. Barabarani asiyependa harufu anapita zake. Garini hana pa kwenda. Mwezi jana mvua ilitukamata Jogoo Road, madirisha yote yamefungwa, gari halisogei, na abiria mmoja kiti cha nyuma akafungua samaki wa kukaanga. Mimi nilikuwa na njaa, kwa hiyo kosa langu ni la kumezea mate tu. Lakini dada niliyekaa naye alikuwa mjamzito. Alivumilia, akaziba pua kwa leso, akavumilia tena, kisha akashuka City Stadium kwenye mvua, nauli keshalipa. Mwenye samaki hakuinua hata kichwa. Na wale wanaotupa magunzi ya mahindi kupitia dirishani sitaki hata kuwazungumzia. Muulize mtu yeyote wa bodaboda.

Lakini humo humo kwenye matatu ndimo nilimokutana na adabu yako wewe. Jioni moja nilikaa na mzee aliyekuwa na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi. Alitoa kimoja, na kabla hajakimenya akanigeukia, akasema, "Karibu." Nikajibu kama ulivyonifundisha:

"Starehe."

Akanitazama. Akatazama dirishani. "Starehe? Msichana wangu, hii haipiti Starehe. Hii ni ya Kayole." Kabla sijafungua mdomo keshampigia makanga kelele: "Wewe! Huyu mbona umempandisha gari si lake?" Makanga naye, badala ya kuuliza, akaanza kunielekeza magari ya kuelekea Starehe yanapopakia, na kwamba nikishuka hapo mbele atanirudishia nusu ya nauli. Ikabidi niwaeleze, gari zima linasikiliza, kwamba kwetu mtu akikukaribisha chakula nawe huna nia ya kula unamwambia starehe, yaani endelea kwa raha yako. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Sisi tunasema asante, nimeshiba," akaniambia, "hata kama ni uongo." Kisha akakivunja kiazi katikati, akanipa nusu. Nikakila, Shangazi. Garini, mbele ya watu, mkono wa kushoto umeshika chuma.

Kisa hicho nimekirudia mara nyingi kazini kwa ajili ya kicheko. Tangu Jumanne sioni tena kwamba kinachekesha sana, na nitakwambia kwa nini, kwa sababu shtaka lako lina tundu moja ambalo hukuliona.

Pale kwenye toroli kuna mtoto. Atakuwa na miaka tisa, labda kumi na mwili umekataa kukua. Husimama hatua tatu kutoka kwa muuzaji, sweta la shule isiyo yake, chupa ya gundi ya kunusa mkononi. Haombi. Anautazama tu mkono unavyotoka kwenye karatasi kwenda mdomoni, na kurudi, na kwenda tena. Macho hayana pazia, na ya mtoto mwenye njaa ndiyo kabisa. Tuliozoea pale tuna namna yetu ya kulimaliza jambo hilo: tunageuka. Kila mmoja anajizungusha kidogo, kama anayekwepa jua, mpaka mtoto anabaki nyuma ya mgongo. Hakuna aliyetufundisha, na tunaifanya wote.

Jumanne na mimi nilikuwa nimegeuka. Ndiyo maana nilikuwa nimeelekea Moi Avenue. Ndiyo maana nilikuona.

Nimekuwa nikimfikiria Nyanya kwenye hili. Alipokuwa akionja mbaazi jikoni kwa ncha ya mwiko, chembe tatu, nne, mtu akipita mlangoni angesikia "karibu" kabla hata ya salamu. Aliwakaribisha mpaka wanaomdai. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka, maana chenyewe cha kukaribishia hakikuwepo, na yule mpitaji naye alikuwa anajua hakipo, akajibu "starehe, mama" na kwenda zake. Mimi smocha nzima ilikuwa mkononi, na neno hilo sikumwambia mtoto, wala wewe sikukuambia. Nilipunga mkono tu.

Kwa hiyo, kundini ukitaka andika tena, ila rekebisha mashtaka. Kusimama nitaendelea kusimama.

Mama anasema unarudi Mombasa Jumapili. Jumamosi nitakuwa pale pale saa kumi na moja na nusu, toroli la kwanza ukitokea Tom Mboya, mwenye mwavuli mwekundu. Ya tatu nimeshamwambia kijana aipasue bila pilipili, kwa sababu nilimuuliza mtoto jana na amesema pilipili inamchoma vidonda vya midomo. Ya pili naiacha kwenye trei isipoe. Ukipita nitakukaribisha kwa sauti, Archives nzima isikie, na la kujibu unalijua. Ila kama miguu imechoka na safari, kuna kreti ya soda ya kukalia, nimeshaipangusa.