Jasusi wako hana mke? Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika riwaya za ujasusi

Wanangu,

Juzi mmoja wenu alinisomea ukurasa wa shukrani wa kitabu chake kipya. Kamshukuru mchapishaji, mhariri, mchora jalada, hadi rafiki aliyemwazima kompyuta. Mkewe hakumtaja. Na mimi najua ni yeye aliyesoma rasimu zote tatu, akamwonyesha mahali ambapo bastola ya risasi sita ilifyatuliwa mara tisa. Nilipouliza, kijana akacheka: "Mzee, jasusi hana familia."

Siku ile nilimeza. Leo nasema.

Nani kawadanganya? Kila mswada ninaoletewa una mwanamume aliyeshuka kutoka mbinguni na miwani myeusi. Hana mama anayeumwa wala mtoto anayemuuliza baba jana ulilala wapi. Mtu akumbukaye majina yake bandia yote akasahau siku aliyozaliwa binti yake, huyo ndiye wa kuandikwa! Nyie mnanipa magari yanayofukuzana.

Mtazameni John le Carré, yule Mwingereza mwandishi wa riwaya za ujasusi, ambaye jina lake halisi ni David Cornwell, mzaliwa wa 1931. Mama yake aliondoka yeye akiwa na miaka mitano, akabaki mikononi mwa baba tapeli aliyepata kufungwa kwa ulaghai. Uongo aliujulia nyumbani, kabla idara yoyote haijamwajiri. Riwaya iliyompa jina mwaka 1963 aliiandika akiwa bado ofisa wa ujasusi wa Uingereza, kwa kivuli cha ubalozi wa Bonn, Ujerumani Magharibi. Baadaye ukurasa baada ya ukurasa aliuandika kwa mkono, na mkewe Jane, aliyekuwa mtu wa uchapishaji, akauchapa na kumshauri. Mwanawe Nick ndiye aliyeumalizia mswada wake wa mwisho, ukatoka 2021. Lakini msimfanye mtakatifu. Alikuwa na wapenzi wa siri, na kuwaficha aliwaficha kwa ujuzi uleule wa kazini. Gharama ililipwa nyumbani.

Nami nina deni langu. Binti yangu alinijia usiku mmoja akanieleza jambo lililomtoa machozi. Nilimbembeleza, naapa nilimbembeleza, na alfajiri nikaliandika. Nikampa jasusi wa kike katika sura ya nane, nikabadilisha jina tu. Wasomaji walisifu sura hiyo kuliko zote. Binti yangu alisoma, akakirudisha kitabu kwenye rafu, na kwa miaka kumi nikawa napata salamu tu. "Hujambo baba, sijambo baba." Jasusi anayemtumia mtoa habari wake hivyo kazini, hata wakubwa zake humwona mshenzi.

Mengine ni machache. Someni mkataba kabla ya kutia saini. Msimuue mhusika kwa sababu mmemchoka. Sura ya kwanza ikikataa, ifuteni, kitabu huanzia ya pili. Andikeni kabla simu hazijaamka.

Ila nisiwaonee nyie peke yenu. Sisi wazee tumewalea katika nyumba ambazo zenyewe ni idara za siri: mshahara wa baba siri, ugonjwa wa mama siri, na watoto wa pembeni wanajulikana siku ya mazishi, tena kwa kufanana pua. Tukawaita mkiuliza maswali watovu wa adabu. Kisha tunashangaa mkikua hamjui kuandika mazungumzo ya watu wawili wanaopendana!

Binti yangu siku hizi ananipigia. Ananiuliza kwanza: "Baba, unaandika au unasikiliza?" Naweka kalamu mezani ili asikie inavyogonga.

Na wewe kijana wa shukrani, unajijua. Mhariri wako ameniambia kazi haiingii mtamboni hadi Ijumaa.