Mafundi wa gereji nao wapimwe damu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hatari ya saratani kwa mafundi wanaoshika petroli, tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) na gundi kila siku, kundi ambalo mjadala wa usalama kazini hulipita kwa kuwa fikra za wengi huishia kwenye viwanda vyenye geti na mlinzi.

Ukipita gereji za Gerezani, hapa Dar es Salaam, utamkuta kijana akiosha spea ndani ya beseni la petroli kwa mikono mitupu, kisha akinawa kwa petroli hiyo hiyo ili grisi itoke, huku mwenzake akinyonya mafuta kwa mpira kutoka kwenye tangi. Ndani ya petroli mna benzini, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wake huvutwa kwa pumzi na kimiminika chake hupenya ngozini. Ikishafika kwenye ini hugeuzwa kuwa sumu nyingine zinazoharibu uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa. Wapo wanaoanza kwa kupungukiwa damu, na baadhi yao huishia kwenye saratani ya damu.

Jambo hili halikujulikana juzi. Huko Istanbul, mafundi viatu walikuwa wakigandisha soli kwa gundi yenye benzini katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa, na mwaka 1974 daktari Muzaffer Aksoy na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 26 wa saratani ya damu au hali inayoitangulia, waliotoka katika kazi hiyo moja. Mwaka 1989 shirika nililolitaja liliingiza kazi yenyewe ya kupaka rangi katika kundi lile lile la kwanza. Fundi wetu anayepiga rangi magari kwa kompresa hufunga kitambaa puani akaamini amejikinga, ilhali kitambaa, hata barakoa ya hospitali, huzuia vumbi kidogo tu na mvuke wa tina hupita kama kawaida. Kinachohitajika ni kinyago chenye chujio la mkaa, tena linalobadilishwa.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na ile ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yatokanayo na kazi. Tatizo ni kwamba mfuko wa fidia huendeshwa kwa michango ya waajiri, wakati kijana wa gereji hana mkataba wala jina katika daftari lolote; analipwa jioni kulingana na gari alilogusa. Saratani nayo huchukua miaka mingi kujitokeza. Atakapougua atakuwa ameshahama gereji tatu, pengine amerudi kijijini kulima, na hakuna karatasi itakayoonyesha kwamba aliwahi kushika petroli. Kwa maoni yangu, hapa ndipo haki yake inapopotea, hata kabla hajafika hospitali.

Ninapendekeza, kwa hiyo, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ushirikiane na halmashauri kuwaandikisha mafundi hawa kupitia vikundi vyao, pamoja na kazi wanayofanya na kemikali wanazotumia, na kila mwaka wapimwe hesabu ya chembe za damu, kipimo ambacho maabara nyingi za hospitali zetu hukifanya. Madaktari wanaopokea wagonjwa wa saratani nao waandike katika faili kazi zote ambazo mgonjwa amewahi kufanya, badala ya ile ya sasa peke yake. Wauzaji wa tina na gundi, ambao wengi wao huzipima rejareja katika chupa za maji, watakiwe kubandika onyo la Kiswahili kwenye kila chupa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam