Anayefundisha mbwa wenye silika kali ya kuwinda asomee kazi hiyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kazi ya kufundisha mbwa, hususan mbwa wenye silika kali ya kuwinda, kwa kuwa naona kazi hiyo inafanywa na watu wengi wanaowapenda mbwa kwa dhati lakini ambao hawajawahi kufundishwa lolote kuhusu uwindaji wenyewe. Hoja yangu ni moja: mtu anayelipwa ili amshughulikie mbwa wa namna hiyo, awe mkufunzi, mtembezaji au mhudumu wa makao ya mbwa waliotelekezwa, apitie kwanza mafunzo ya kitaaluma yanayohusu silika hiyo, pamoja na mazoezi chini ya msimamizi, kabla hajakabidhiwa kamba.

Nasema haya kwa yaliyonikuta. Nina mbwa jike, mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kilichoshuka, ambaye asili yake ni mbwa waliozalishwa vizazi na vizazi kwa ajili ya kukimbiza wanyama. Nilimpeleka kwa mkufunzi mmoja, akakaa huko wiki 8, akarudi akijua kuketi, kulala, kungoja na kutembea sambamba nami bila kuvuta kamba. Nilifurahi mno. Siku ya tatu paka wa jirani alikatiza mbele yetu. Nilimwita mbwa wangu kwa jina, mara mbili, kwa sauti ileile aliyoizoea, na hakugeuza hata sikio. Kamba ilinichomoka mkononi. Hakubweka wala hakunguruma. Yote yalikwisha kabla sijafika, kisha akanirudia akitikisa mkia na kunilamba mkono. Mpaka leo naona haya ninapokutana na jirani yule, ambaye alimlea paka wake kwa miaka 11.

Nilipomweleza mkufunzi, alisema mbwa ni mkaidi, akamvisha kola ya umeme. Mara ya kwanza kuitumia tukiwa njiani, sungura aliruka kutoka kichakani wakati uleule mtu alipokuwa akipita kwa baiskeli. Mkufunzi alibonyeza kitufe, mbwa akapiga yowe, na tangu siku hiyo akawa anatetemeka kila akisikia mlio wa mnyororo wa baiskeli. Lakini hakuacha kumtaka sungura. Wahenga walisema msasi haogopi miiba, nami nimeyaona hayo kwa macho yangu: maumivu yaliyokusudiwa kuzima uwindaji yaliangukia kitu kingine kabisa kilichokuwa karibu, na uwindaji ukabaki palepale. Kama kingepita kitoto kikikimbia badala ya baiskeli, sipendi hata kufikiria mbwa wangu angejifunza nini kuhusu watoto.

Simlaumu mkufunzi yule kwa ubaya wa moyo, maana hakuwa nao. Alikosa elimu. Aliamini kwamba mbwa anayeua paka ana hasira, au amekosa adabu, au anataka kuwa mkubwa wa nyumba, ilhali sayansi ilikwisha kutenganisha mambo hayo miaka mingi iliyopita. Mwaka 1962 watafiti Wasman na Flynn walionyesha kwamba ukichochea sehemu moja ya haipothalamasi katika ubongo wa paka, paka hufoka, husimamisha manyoya na kushambulia kama aliyetishwa, lakini ukichochea sehemu nyingine humnyemelea panya kimyakimya na kumng'ata bila dalili yoyote ya ghadhabu. Njia hizo ni mbili tofauti katika ubongo. Ndiyo maana mbwa anayewinda hatoi onyo la mngurumo, na ndiyo maana mtu aliyefundishwa kusoma ishara za hofu na hasira peke yake anaweza kusimama kando ya mbwa aliye tayari kufyatuka, akadhani ametulia.

Elimu ya pili inayokosekana ni ya mfuatano wa uwindaji. Mwanabiolojia Raymond Coppinger, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akichunguza mbwa wa kazi, alieleza kwamba mnyama mwindaji hufuata hatua zinazopokezana: hugeukia windo, hulikazia macho, hulinyatia, hulikimbiza, hulikamata kwa meno, huliua, hulipasua, kisha hula. Binadamu alipozalisha mbwa kwa kazi mbalimbali alikuza baadhi ya hatua hizo na kufifisha nyingine. Mbwa wa kuchunga aina ya Border Collie amebaki na jicho kali, kunyatia na kukimbiza, lakini hatua ya kung'ata imezimwa kwa kiasi kikubwa. Mbwa wa kuokota ndege hubeba windo mdomoni bila kuliharibu. Terrier alizalishwa ili amalize kazi ya kuua panya hapohapo. Na wale wanaolinda kondoo usiku na mchana wanatakiwa wasioneshe karibu hatua yoyote kati ya hizo. Mkufunzi asiyejua mteja wake ni mbwa wa hatua ipi hawezi kujua hatari inaanzia wapi, wala hawezi kujua ampe mbwa huyo kazi gani mbadala. Kumrushia mpira mara 50 mbwa ambaye furaha yake iko katika kunusa na kunyatia ni kumchosha miguu na kumwasha akili, kisha anarudi nyumbani moto kuliko alivyotoka.

Baadaye nilimpata mtu aliyesomea jambo hili, na tofauti niliiona ndani ya nusu saa ya kwanza. Hakumpa mbwa wangu amri hata moja. Alishika kamba ndefu, tukatembea kando ya uwanja wenye nyasi, akaniambia, "Mwangalie mdomo." Mbwa alikuwa akihema ulimi nje. Ghafla mdomo ulifunga. Masikio yakasogea mbele, mguu mmoja wa mbele ukainuka ukabaki hewani, uzito wote ukahamia mabegani, mkia ukanyooka. Mimi sikuwa nimeona kitu. Kindi alikuwa mbali, chini ya mti, na yule mkufunzi alikuwa tayari amesema neno la sifa kwa sauti ya chini wakati mbwa bado anatazama tu, kisha akampa kipande cha nyama palepale alipokuwa amesimama. Alinieleza kwamba tukio langu la paka halikuanza nilipoita; lilianza sekunde kadhaa kabla, mdomo ulipofunga, na mimi nilikuwa nikitazama simu yangu au barabara. Mwito unaotolewa mbwa akiwa katika mbio unashindana na kitu ambacho kwa mbwa ni malipo kamili, kwa sababu kukimbiza kunajilipa kwenyewe, awe amekamata au amekosa, na kila mara anapofanikiwa kukimbiza anakuwa hodari zaidi wa kukimbiza.

Kwa hiyo kazi nzima iko katika umbali na wakati. Mbwa anafundishwa akiwa mbali kiasi cha kuona windo na bado kuweza kufikiri, na umbali huo hupunguzwa pole kwa pole, kwa majuma na miezi. Zawadi nayo haiwi nyama tu. David Premack, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1959 kwamba tendo ambalo kiumbe anapenda kulifanya linaweza kutumika kumtuza kwa tendo asilolipenda sana. Hivyo mbwa anayemgeukia mmiliki wake baada ya kumwona sungura anaweza kuruhusiwa kunusa njia aliyopita sungura, au kukimbiza kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Jambo hili linahitaji ustadi kwelikweli, kwa maana likifanywa ovyo linamfundisha mbwa kuwinda vizuri zaidi.

Tena kuna ufundi wa mikono, ambao watu huudharau. Mbwa wa jamii ya greyhound hukimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, yaani takriban mita 17 kwa sekunde moja, na hivyo akiwa katika mbio kamili kamba ya mita 10 inakwisha kabla mtu hajavuta pumzi. Ikiwa kamba hiyo imefungwa kwenye kola ya shingoni, kishindo chote kinaishia kooni na kwenye pingili za shingo. Kwa hiyo kamba ndefu hufungwa kwenye mkanda wa kifuani, haizungushwi kamwe kwenye vidole au kiganja, na anayeishika anajifunza kuiachia ipite mkononi na kuikaza taratibu. Kifunga mdomo nacho kina elimu yake. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kile cha kitambaa kinachobana mdomo kinaweza kumwua kwa joto akivishwa katika mazoezi, wakati kile cha umbo la kikapu kinamruhusu ahemee, anywe maji na apokee chakula. Nimewaona watembezaji wanaowatoa mbwa 6 kwa pamoja, wakubwa na wadogo, bila kujua kwamba mbwa mdogo akilia kwa sauti nyembamba na kukimbia, mwenzake mkubwa aliyekuwa akicheza naye dakika moja iliyopita anaweza kumwona kama windo.

Najua wapo watakaosema kwamba mafunzo ya namna hii ni anasa, na kwamba babu zetu waliishi na mbwa bila vyeti. Nawajibu kwa heshima kwamba wawindaji wa zamani walikuwa na mafunzo, tena marefu: walikua pamoja na mbwa wao, wakajua kila mmoja hufanya nini porini, na hawakumtaka mbwa wa kuwinda alale kando ya sungura wa kufugwa. Sisi tumemchukua mbwa yuleyule tukamweka kati ya paka, baiskeli na watoto, kisha tukamwita mwalimu anayejua amri 5.

Mataifa mengine yamekwisha kuchukua hatua. Nchini Ujerumani, tangu Agosti 2014, anayefundisha mbwa wa watu wengine kama biashara anatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka na kuthibitisha ujuzi wake, na Wales ilipiga marufuku kola za umeme kwa mbwa na paka mwaka 2010. Katika nchi nyingi, hata hivyo, mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita mkufunzi. Wakati sheria hazijafika, vyama vya wakufunzi vinaweza kuanza vyenyewe kwa kuweka somo la silika ya uwindaji katika mitaala yao na kudai saa za mazoezi na mbwa halisi mbele ya msimamizi, nao madaktari wa mifugo wanaweza kukataa kuwaelekeza wateja kwa mtu asiyeweza kueleza tofauti ya mbwa anayeogopa na mbwa anayewinda. Katika mafunzo hayo liwemo pia somo la kusema ukweli. Yule mkufunzi wa pili aliniambia siku ya kwanza kwamba mbwa wangu hataaminika kamwe peke yake na paka, na neno hilo, ingawa liliniuma, limeokoa maisha.

Sasa imepita miezi 8. Juma lililopita sungura alitoka mbele yetu hatua kama 40 hivi. Mdomo wa mbwa wangu ulifunga, mguu ukainuka, akatazama kwa muda ulioonekana mrefu sana kwangu, kisha akageuza shingo akanitazama mimi. Alikuwa na mkanda wake wa kifuani na kifunga mdomo cha kikapu, na ataendelea kuvivaa. Ningeomba wakufunzi wanaosoma gazeti hili waandike katika safu hii waeleze wao walijifunzia wapi kuiona dakika ile, na nani aliwasimamia.

Wako katika kuwatunza mbwa,

Msomaji na mfuga mbwa